Badilisha Kanda?

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na saba mwezi wa tatu, alasiri, chai ikiwa bado inatoa mvuke. Kabla ya hapo Juu-Chini alikuwa mgane tu kama wagane wengine: ana viti viwili, kimoja anakalia, kingine kimelemewa na nguo zisizopigwa pasi.

Jina la Juu-Chini alipewa kazini. Maisha yake yote ya kazi aliyamalizia juu ya stuli ndani ya lifti ya jengo moja la ofisi, akiwabonyezea namba watu wenye vidole vyao kumi. Wakubwa walikaa ghorofa ya juu kabisa. Waliweza kutia saini mambo mazito, lakini kubonyeza namba kuliwashinda. Mlangoni mwa lifti walibandika tangazo: ndugu wa watumishi hawaruhusiwi kupanda. Basi kila mchana mkewe alipomletea chakula, bakuli limefungwa kwa kitambaa, aliishia pale chini kwenye sakafu ya vigae.

"Nipandishe mara moja tu," mkewe alikuwa akimwambia huku akicheka. "Nione huko juu wanafugwa vipi."

"Ngoja walegeze kidogo," Juu-Chini alijibu. Hawakulegeza.

Walipomstaafisha walileta lifti mpya isiyo na stuli, wakamzawadia laptopu ambayo mmoja wao alikuwa ameichoka. Walipiga makofi. Makofi ndiyo kitu pekee kipya alichopewa siku ile. Vingine vyote vilikuwa vimeshatumika.

Binti yake, anayeishi mbali pamoja na mumewe, alipokuja kumsalimu aliigeuza ile laptopu iseme Kiswahili ili baba asihangaike, akamwonyesha mahali pa kutumbukizia diski. Hapo ndipo Juu-Chini alipoikumbuka diski iliyolala kabatini chini ya shuka.

Mkewe alikuwa mpiga pasi katika chumba cha kufulia cha hospitali. Wafuaji wale walikuwa na kwaya, tena kwaya ya kweli, si ya kubahatisha. Mwaka mmoja walialikwa ng'ambo kuimba. Wenyeji wakawarekodi, na baadaye wakamtumia kila mwimbaji diski yake. Nyumbani hakukuwa na chombo cha kuichezea. Mama wa watu akaifuta vumbi, akaiweka kabatini, akasema tutaitazama tukijaliwa. Hakujaliwa. Mwaka haukuisha.

Kwa hiyo Juu-Chini aliitazama peke yake. Katika wimbo wa nne mkewe alisogea mbele, akaimba ubeti mzima bila msaada, mkono mmoja umeshika upindo wa kanga kama anayeogopa usimtoroke. Mwisho wa nyimbo zote kulikuwa na salamu. Kila mwimbaji alisimama mbele ya kamera akasema neno kwa watu wa nyumbani. Huko Juu-Chini hakufika hata siku moja. Aliufikia wimbo wa nne, akautazama, akasimamisha. Salamu aliziweka akiba. Alijua akishazisikia, mkewe hatakuwa na neno jipya la kumwambia tena.

Halafu siku moja, ili macho yakauke, aliweka filamu ya ngumi aliyonunua kibandani. Na hapo mashine ilimuuliza: *Badilisha kanda?*

Swali hilo lilimpendeza. Aliona ni mashine yenye adabu za zamani, inayoita diski kanda kama watu wa enzi za kaseti. "Nimeshabadilisha mwenyewe, unauliza nini tena," alisema, akabonyeza *Ndiyo*. Alipoirudisha diski ya mkewe, ikamuuliza tena. *Ndiyo*. Chini ya swali kulikuwa na maandishi madogo, ila Juu-Chini aliacha shule mapema na miwani yake ilikuwa na ufa. Tena katika umri wake wote maandishi madogo hayajawahi kumletea habari njema.

Jumanne ile alikuja shemeji yake, mdogo wa marehemu, mwanamke wa maneno mengi na moyo mkubwa, mkononi ana diski ya vichekesho.

"Shemeji, umekunja uso kama shati la jana. Leo utacheka, utake usitake."

"Nicheke nini, kwani wakubwa wameanguka ngazi?"

"Weka hapa, bwana."

Mashine ikauliza. Shemeji akabonyeza *Ndiyo* mbio mbio, mdomo umejaa maandazi. Wakatazama, na Juu-Chini akajikuta amecheka mara mbili. Moyo ukalainika. Akasema, "Shemeji, leo upo, sitaogopa. Tumsikilize dada yako mpaka mwisho. Mpaka salamu."

Shemeji akaacha kutafuna. Wakaweka diski.

Safari hii mashine haikuuliza chochote. Iliandika: *Diski hii haiwezi kuchezwa.*

Wakaifuta kwa pamba. Wakaipulizia. Wakazima, wakawasha. Vichekesho vilicheza. Ngumi zilicheza. Mkewe tu ndiye aliyekataliwa, kama vile kuna mtu amebandika tangazo mlangoni.

"Wamemzuia tena," Juu-Chini alisema, na chai yake ikapoa bila kuguswa.

Kesho yake walimpelekea fundi, kijana mwenye kijichumba chini ya ngazi za jengo la maduka, kiasi kwamba mtu akipanda juu vumbi linamdondokea fundi kichwani. Aliigeuza diski kwenye mwanga, akaingiza programu fulani aliyosema haijali vizuizi, akasubiri. Draivu ikaunguruma, ikanyamaza.

"Mzee, diski yako ni nzima. Tatizo ni kanda."

"Kanda tuliacha kusikiliza zamani, mwanangu. Hii ni diski."

"Si kanda ya kaseti. Kanda, mzee. Sehemu. Dunia imekatwa vipande, na kila kipande kina namba yake. Diski ya mama ina namba ya kule ilikotengenezwa. Hizi nyingine zina namba ya huku. Draivu inakubali namba moja kwa wakati. Ukitaka nyingine inakuuliza ubadilishe kanda, na inakuruhusu mara tano tu. Ya tano ikiisha, inajifunga hapo hapo ilipo. Hiyo imejifunga huku kwetu."

Juu-Chini alivua miwani yake yenye ufa. Maneno mawili yale, *badilisha kanda*, yalimzunguka kichwani kama nzi chumbani.

"Mara tano?" shemeji alidakia. "Mbona mimi nimebonyeza mara moja tu?"

"Zinahesabiwa tangu kiwandani, mama. Na aliyekuwa nayo kabla yenu naye ametumia zake."

"Ndiyo maana!" Juu-Chini aligonga meza, bisibisi zikaruka. "Wamenigawia sahani wakiwa wameshakula! Na hivyo vipande vya dunia, nani alikata?"

"Wenye filamu. Wakubwa huko. Wanataka filamu iuzwe kwao kwanza, kwetu baadaye."

"Mke wangu si filamu. Ni mpiga pasi."

"Najua, mzee. Aliyetengeneza diski pengine hata hakujua kwamba ameiwekea hiyo alama."

"Haijulikani kamwe nani amefanya," alisema Juu-Chini. "Ila aliyefungiwa anajulikana siku zote."

"Futa basi hiyo laptopu, uanze upya," shemeji alisema.

"Ukiifuta unafuta kichwa chake. Hesabu yenyewe imo ndani ya draivu. Hapo hata mimi sifiki. Tupate draivu nyingine, iwe na nafasi iliyobaki. Na laptopu za siku hizi hazina mdomo wa diski, zimezibwa zote."

Fundi alikuwa na boksi la draivu alizochomoa kwenye laptopu zilizokufa. Akaanza kuzijaribu moja moja, akichomeka waya, na Juu-Chini akawa anakuja kila asubuhi kukaa pale chini ya ngazi, magoti yamegusana na meza, juu yake viatu vya watu vinapanda na kushuka. Hakuweza kusimama wima mle ndani. Alizoea, lifti nayo haikuwa pana. Draivu nyingine zilikuwa zimekufa. Nyingine zilikuwa hai lakini zimeshajifunga huku huku. Kila moja ilipoandika neno lile lile la kukataa, alihisi mlango wa chuma ukijibana na yeye yuko katikati ya ghorofa, kengele haisikiki, na huko juu wanakunywa chai.

"Si uache tu, shemeji?" mdogo wa marehemu alimwambia siku moja, kwa upole usio wake. "Wimbo wake unaukumbuka."

"Wimbo ninao. Salamu sina."

Shemeji akavuta ndoo, akaigeuza, akakaa naye.

Chini kabisa ya boksi palikuwa na draivu moja iliyokwaruzwa uso mzima. Fundi akaichomeka, akatia diski. Ikakohoa. Kisha maneno yakatokea: *Badilisha kanda?*

Kidole cha shemeji kilikuwa kimeshafika. Juu-Chini akakishika hewani.

"Safari hii nisomee. Na yale madogo ya chini."

Shemeji akainama. "Imeandika, *Imebaki mara moja. Baada ya hapo kanda haiwezi kubadilishwa tena.*"

"Yaani ikijifunga, itajifunga upande wa dada yako?"

"Daima, mzee," fundi alisema. "Filamu zako za ngumi utazisahau kwenye hii."

"Zife," alisema Juu-Chini, akabonyeza mwenyewe, polepole, kwa kidole kile kile cha kazi.

Kwaya ikaimba. Wimbo wa nne ulifika, upindo wa kanga ukashikwa, na mkono wa Juu-Chini ukaenda wenyewe kwenye kitufe cha kusimamisha. Shemeji akaufunika kwa mkono wake. Nyimbo zikaisha. Salamu zikaanza: mmoja aliwasalimu wanawe, mwingine akamkumbusha jirani kuhusu kuku. Kisha akaja yeye, jasho puani, akiwatazama walio nyuma ya kamera kama anaomba ruhusa. Juu ya kichwa cha Juu-Chini kuna mtu alikuwa anashuka ngazi. Alingoja miguu ile ipite, akiogopa isije ikameza neno.

Mkewe akacheka kwanza, kama kawaida yake.

"Wewe Juu-Chini," alisema, "mwenzio nimepanda ndege mpaka huku, wala hakuna aliyenizuia mlangoni. Sasa lifti yako nitaipanda lini?"