Herufi ya Mwisho ya Pampu

Jana, kwenye mashindano ya magari, injini ya Subaru kuukuu ya Vera ilikosa mafuta katikati ya kasi ingawa tangi lilijaa, akamaliza wa mwisho. Leo fundi wake, Mzee Makokha, aliitoa tangini ile pampu mpya ya mafuta aliyoifunga akiahidi kuwa ina nguvu kuliko ya zamani, akavaa miwani. Namba iliyoandikwa juu yake ilikuwa sawa, ila iliishia na L, ya gari la kawaida, badala ya R, ya injini ya turbo inayohitaji mafuta mengi zaidi.

“Niliagiza R kwa simu,” alisema kwa uchungu. “Masikio ya muuzaji hayatofautishi R na L.”

“Na macho yako, mzee msomi wa shule ya usiku? Uliifunga bila kuisoma?” Vera aliuliza.

Makokha akainyakua spana.

“Iache. Namwita Heritier, yule msaidizi wako uliyemfukuza kwa kutojua kusoma. Yeye huuliza kabla ya kufunga.”