Mdomo wa Mume Wangu

Watu wanafikiri kazi yangu ni kukuza pua. Mtu akiniona na penseli anaziba pua yake kwa kiganja, anacheka, "Mimi usinichore bwana!" Na kwa kuziba ameshanionyesha, sina tena cha kutafuta. Nachora katuni za gazeti mwaka nenda mwaka rudi, na siku za mapumziko nachora watu kwenye sherehe zao. Siku zote nakuza kile mtu anachohangaika nacho, hata kama ni kidogo. Waziri mmoja nilimpa shingo ndefu ajabu, kwa sababu alikuwa hatulii, kila mara anageuka kuona nani yuko nyuma yake. Shingo yake yenyewe fupi. Lakini watu walimjua palepale.

Wa nyumbani kwangu sikuwachora. Ndiyo sheria yangu pekee, na niliiweka kwa woga.

Basi mume wangu akapandishwa cheo, akawa meneja wa tawi kwenye kampuni yao ya bima. Wenzake wakanipigia simu. "Shemeji, mchore bwana wako, tumkabidhi mbele ya watu. Umkomeshe!" Nikakataa, wakabembeleza, nikakubali. Nikafuata utaratibu wangu: mtu nisiyemjua vizuri nawauliza watu wake, ukifumba macho ukamfikiria, kitu gani kinakujia kwanza? Ndiyo, mume wangu mwenyewe. Msinicheke.

"Kicheko!" alisema katibu muhtasi wake. "Akicheka, hata jengo la jirani wanajua amefika."

"Meno," alisema mlinzi. "Yote, mpaka la mwisho."

"Hadithi zake," alisema dereva wa ofisi. "Safari nzima anaongea, nafika sijachoka. Una bahati wewe, shemeji, unamsikia bure kila siku."

Bahati! Mwanamume wanayemsema sijawahi kumwona. Wangu anaingia, anavua viatu, anakaa. Umeshindaje? Salama. Kazi? Ipo. Ukiongeza swali anakutazama kana kwamba umemkanyaga. Hanipigi, halewi, halali nje, na nikimlalamikia shoga yangu ananiambia natafuta makubwa. Nyumba ina watu watatu, mimi, yeye na mama yake aliyehamia kwa mwanawe alipofiwa na mumewe, kabla sijaolewa, na kinachoongea ni televisheni. Mama mkwe naye kazoea. Anafagia, anakunja nguo zetu, anatazama taarifa ya habari, analala.

Nikakaa mezani mchana mmoja kumchora. Nilianza na meno kama nilivyoagizwa, yakatoka meno ya tangazo la dawa ya mswaki. Nikafuta. Nikajaribu tena, nikafuta mpaka karatasi ikatoboka. Hasira zikanipanda. Nikachukua karatasi nyingine nikamchora ninayemjua mimi: macho yanatazama chini, na mdomo. Mdomo niliupeleka sikio mpaka sikio, mstari mmoja mnene, umefumbwa, kidevu kizima kimekaza kuushikilia. Nilipomaliza nililia.

Nikajiambia hivi: akiiona, akanivuta pembeni akaniuliza, "Ndivyo unavyoniona?", hata kwa kufoka, nabaki. Neno moja tu linalonihusu mimi. Akinyamaza, naondoka kwenye ndoa hii. Begi nilikuwa nimeshalipanga, liko chini ya kitanda.

Siku ya sherehe walipanga viti vya plastiki ukumbini na soda kila meza. Katibu muhtasi akavuta kitambaa kilichofunika picha.

"Shemeji," dereva akasema, "huyu nani?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mmoja akadai nimeleta picha ya mteja aliyenyimwa fidia, wakacheka zaidi. Mume wangu naye akacheka, na hapo ndipo nilipokiona hicho kicheko kwa mara ya kwanza: kichwa nyuma, meno nje, kweli mpaka la mwisho. Kizuri, jamani. Kiliniuma kuliko tusi.

"Leo kalamu imemponyoka mke wangu!" aliwaambia, akanishika bega bila kunitazama.

Mama mkwe alikuwa mstari wa mbele, mkoba mapajani. Akainuka, akaisogelea picha, akaugusa ule mdomo kwa kidole.

"Mbona mmemleta marehemu?"

"Marehemu nani, mama?" katibu muhtasi akauliza.

"Mume wangu. Huyu ni mume wangu." Akanigeukia. "Wewe hukumkuta hai. Nani alikuonyesha uso wake?"

Hakuna aliyecheka tena. Mume wangu akafumba mdomo, kidevu kikakaza, na alikuwa amesimama karibu kabisa na picha. Nilimwona dereva akiitazama picha, akamtazama bosi wake, kisha akajifanya anatafuta kifungulio cha soda.

Wakati wa kurudi, picha ilikaa kiti cha nyuma na mama. Mimi mbele, kando ya mume wangu anayeendesha, nangoja. Tukapita sokoni, tukapita kituo cha mafuta, bado nangoja. Aliyefungua mdomo ni mama.

"Na mimi nilingoja, mwanangu," alikiambia kisogo changu. "Nikidhani ana mengi ndani, siku akifungua yatamwagika. Alifungua siku anakufa. Akaomba maji."

Nikamgeukia mume wangu. Sasa, nikawaza. Sasa atasema.

"Mama, funga mkanda," akasema.

Tulipofika aliegesha, akazima gari, akashuka, akaingia ndani. Taa ya sebuleni ikawaka, na baada ya muda kidogo nikaisikia televisheni. Nilibaki nimekaa palepale. Nilikuwa nimemchukia, na nilikuwa nimejichukia kwa kungoja kwangu kote. Kumbe mama naye hajashuka.

"Lile begi la chini ya kitanda," akasema. "Nililiona nikifagia."

"Mama, mimi..."

"Sikulaumu." Akauhamisha mkoba wake kutoka goti moja kwenda jingine. "Nilitaka kukuuliza tu kama lina nafasi. Nguo zangu si nyingi."