Dolores Aliyejizaa

Naapa kwa mkono wa kulia, ule ambao haujawahi kushika karata: ng'ombe wa Orville Sonnentag alijizaa mwenyewe mchana kweupe, mbele ya wafugaji wote wa kaunti yetu, na mkunga nilikuwa mimi.

Majira yale ya baridi nilikuwa nimeacha kazi ya kuendesha lori la maziwa. Miaka mingi nilizunguka mashambani huku nimeegemeza kwenye usukani kitabu kinene cha programu za kuhifadhi kumbukumbu, nikijifundisha. Barabara za Wisconsin zimenyooka. Lori lilijua njia. Chama cha wafugaji kikanunua kompyuta, na mwenyekiti, Harlan Budahn, akanipa kazi ya kutengeneza skrini ya usajili wa ng'ombe.

"Siku ya mnada wanunuzi waone ukoo wote bila kusakura," alisema. "Ikishindikana, sisi tunarudi kwenye kadi za karatasi na wewe unarudi kwenye lori."

Lori nilikuwa nimeshamwachia shemeji yangu, na yule hata koleo la theluji hakuwahi kunirudishia.

Skrini yangu ya kwanza ilikuwa na kurasa zinazofichana. LaVerne Pliska, karani wa chama, aliitazama kama mtu aliyeletewa kahawa ya jana.

"Wendell, nikimwona mama simwoni ndama. Nikimfungua ndama, mama nimeshamsahau."

Basi nikaigawa skrini katika vidirisha, vyote vikionekana kwa pamoja. Kushoto orodha ya ng'ombe wote. Kulia juu, ng'ombe uliyemchagua. Kulia chini, ndama wake. Ukibofya jina kushoto, vya kulia vinatii. Ilipendeza kama meza ya harusi, na mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikaongeza kitufe: ukikibofya, ndama wa chini anapanda juu kuwa mama, wanawe wanashuka mahali pake, hivyo hivyo hadi kizazi cha mwisho.

Vidirisha nikaviunganisha kwa majina. Na kwa akina Sonnentag, tangu enzi za babu, binti bora hurithi jina la mama yake. Dolores kamzaa Dolores, naye kamzaa Dolores.

Siku ya mnada Harlan akabofya. Dolores akapanda. Kompyuta ikatafuta ndama wa Dolores, ikamkuta Dolores, ikampandisha, ikatafuta ndama wake, ikarudi kwa yule yule. Vidirisha vikafukuzana kwa kasi hadi upepo wake ukang'oa kofia ya Harlan na kuitumbukiza kwenye sufuria ya supu ya wanunuzi.

Orville akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Wendell, ng'ombe wangu kajizaa?"

"Inaelekea hivyo, mzee."

"Sasa lile dume nililokodi lilikuja kufanya nini?"

Ijumaa iliyopita nilikuwa nawasimulia wenzangu haya kwenye baa ya Kurt, tukisubiri samaki wa kukaanga. Nikawaambia kwamba sikutetereka. Nilisimama pale pale, nikaunganisha vidirisha upya kwa namba za hereni za masikioni mwa ng'ombe badala ya majina, nikamaliza kabla supu haijapoa, na Dolores mwenyewe akalia kwa shukrani huko nje zizini.

"Ulichomoa waya ukutani," ikasema sauti nyuma yangu.

LaVerne. Nywele zote nyeupe sasa, koti bado mwilini.

"Umeme ulikatika," nikasema.

"Redio ilikuwa bado inapiga muziki wa polka, Wendell. Ulijificha kwenye chumba cha maziwa, nikakufuata huko na blanketi. Tukaketi mpaka jioni, mimi nasoma namba, wewe unaunganisha. Mnada ukafanyika kesho yake."

Pale kwa Kurt, anayenaswa ametia hadithi yake chumvi nyingi ndiye anayelisha meza. Wenzangu walikuwa tayari wananisogezea kadi ya vyakula. Nikamwita mhudumu, nikaagiza samaki wa wote, na brandi.

LaVerne akavuta kiti, akaketi kando yangu, akavua koti taratibu.

"Haya, endelea," akasema. "Dolores alilia, halafu?"