Jiwe Lenye Joto

Kazini kwetu hakuna anayesema "njano". Neno hilo ni la watu wa rangi za ukuta na ndizi mbivu. Sisi tunaopanga almasi, tukiona jiwe jeupe lina kitu kidogo ndani yake, kitu ambacho mnunuzi hatakiona hata akikodoa macho namna gani, tunasema lina joto. "Hili lina joto kidogo." "Hili limezidi joto, lishushe." Ni neno la adabu tu, kama watu wanavyosema fulani mwili umemjaa, huku wanajua wazi kwamba kanenepa. Nimelitumia kwa miaka mingi hata nikasahau kwamba huko nje lina maana nyingine, tena nzuri.

Chumba chetu ni cheupe kuanzia sakafu hadi dari, na sote tunavaa makoti ya kijivu, kwa sababu nguo yenye rangi huitupia almasi rangi yake. Ukija na midomo myekundu unarudishwa bombani ukaifute. Na jiwe halitazamwi usoni, maana uso wa almasi unameremeta, na kumeremeta kunaficha mengi. Tunalilaza kifudifudi kwenye mkunjo wa karatasi nyeupe, tunalitazama ubavuni, na kando yake tunaweka jiwe la mfano, yaani jiwe ambalo daraja lake linajulikana. Hapo ndipo tofauti inapojitokeza. Madaraja yenyewe ni herufi: D ni nyeupe kabisa, halafu unashuka moja moja. Wenzangu wananiita Jicho. Sijivuni. Haya, najivuna kidogo.

Nina mabinti wawili. Mkubwa ni mhandisi wa madaraja, na utani wetu wa nyumbani ni kwamba yeye anajenga madaraja, mimi natoa madaraja. Mdogo, kitindamimba wangu, anauza katika duka la dawa. Si kazi mbaya. Mkubwa alipokuwa na umri kama wake alikuwa ameshasimamia mafundi mia na mto mzima, lakini watu hawalingani, nami nimelisema hilo mara nyingi tu, mbele ya mdogo mwenyewe.

Jumapili moja mdogo alimleta mchumba wake tule naye chakula cha mchana. Ni mwalimu wa udereva, mtu mpole, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusema "punguza mwendo" bila kumtia mwanafunzi hofu. Mkubwa naye alikuwapo. Tulikula vizuri, tukacheka, na vyombo vilipoanza kutolewa yule Mwalimu akasafisha koo, akamtazama mchumba wake, naye mdogo akauweka mkono mezani. Pete ilikuwa kidoleni. Alikuwa ameificha kwa kukaa na mkono mfukoni tangu afike, na mimi nilikuwa nimeshamgombeza kwamba mtu hali kwa mkono mmoja kama amevunjika.

Mkubwa akauweka wa kwake kando ili zionekane pamoja. Pete ya mkubwa naijua, jiwe lake nililichagua mwenyewe. Ni E, jeupe kama ukurasa usioandikwa. Basi nikaushika mkono wa mdogo. Sikufikiri. Nikaugeuza, nikalipulizia jiwe pumzi ili mng'aro ufe kidogo, nikainamisha kichwa na kulitazama ubavuni.

"Lina joto kidogo," nikasema.

Mungu ni shahidi, sikukusudia ubaya. Mdomo ulisema kama uko kazini.

Mwalimu akaweka uma chini. "Kweli, mama? Lina joto?"

"Kidogo."

"Mimi nililiona!" Akamgeukia mchumba wake. "Si nilikwambia? Pale dukani walinipangia mengi, nikalitazama hili, nikasema hili lina kitu. Nilikosa neno tu. Joto! Ndilo lenyewe. Asante sana, mama. Sikujua utasemaje, na wewe ndiye mwenye macho yako. Wiki nzima sijalala."

Macho yake yalikuwa yamelowa. Mkubwa alijifunika mdomo kwa kitambaa akajitia kukohoa. Yeye analijua neno. Wote wawili walikulia kwenye meza ile wakinisikia nikisimulia mawe yenye joto. Kile kikohozi chake kikanitekenya, nami nikatabasamu. Mwalimu akatuona tunatabasamu, akatabasamu na yeye, kwa furaha zaidi kuliko sisi sote.

Mdogo aliuvuta mkono wake akaurudisha mfukoni.

Ningesema pale pale. Nilikuwa na nafasi ya kusema wakati wa chai, na wakati wa kuwasindikiza, na hata mlangoni. Nikajikausha. Nilijiambia kwamba neno likishapita limepita.

Halikupita. Keshokutwa yake mama yake Mwalimu akanipigia simu, mwanamke ambaye tulikuwa hatujawahi kuongea zaidi ya salamu. "Mwenzangu, mwanangu haongei jingine," akasema. "Joto, joto, joto. Nami nimewaambia majirani zangu wote kwamba mama wa bibi harusi ni mtaalamu na amelipima kwa macho yake. Kumbe ninyi wa kazi hiyo mna maneno matamu hivyo!" Nikasema ndiyo, ndiyo, nikamuuliza habari za magoti yake. Mwalimu mwenyewe, kila akinipigia, alianza na "Habari za joto, mama?" Nikawa naitikia "Nzuri" na uso unaniwaka, peke yangu jikoni.

Kisha nikaona kidole cha mdogo ki kitupu. Nikamuuliza. Akasema pete inampwaya. Wiki iliyofuata nikamuuliza tena, akasema ameiacha nyumbani kwa sababu ya kunawa mikono kila mara kazini. Nikashukuru kwamba sababu ipo, nikaacha kuuliza.

Jumamosi alikuja akanikuta nakunja nguo. Hakuketi. Alichukua shuka upande mmoja, mimi nikashika upande wa pili, tukawa tunakunja.

"Mama, lina joto kiasi gani?"

"Kidogo. Ni H, labda. Na pete ikishavaliwa hakuna atakayeona, mwanangu. Wala si kasoro. Watu wengi wanavaa H na wanakufa wazee hawajajua."

"Mimi nimejua. Sasa kila nikiitazama nauona ule ujoto. Nikiamka nalipeleka jiwe dirishani, naligeuza ubavu kama wewe." Akaja na pembe zake za shuka hadi kwangu, tukazikutanisha. "Lakini hilo si kitu. Jiwe ni jiwe. Ninachoshindwa ni yeye. Anafurahi mno. Juzi amemwambia mwanafunzi wake ndani ya gari, mimi nimekaa nyuma: 'Mama mkwe wangu kasema lina joto.' Mama, mnampaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na mimi nakaa naye nikijua."

"Basi mwambie."

"Nimwambie mimi? Nimwambie kwamba mama na dada walikuwa wanamcheka?" Shuka likamponyoka. "Utamwambia wewe. Usipomwambia, namrudishia pete. Siwezi kuolewa na mtu ambaye kwetu anachekwa kwa lugha asiyoijua. Nitakuwa namwonea huruma kila siku, na huruma si ndoa."

Nikataka kumjibu kwa ukali, maana sizoei kupewa masharti na mtoto niliyemzaa. Nikamtazama, nikaona hatanii. Alikuwa na ule utulivu wa mtu aliyeshamaliza kulia. Nilijiona nimevunja uchumba wa binti yangu kwa maneno matatu, na la nne la kuuokoa nikalikosa. Nikasema waje kazini kwangu Jumatatu, saa ya kufunga.

Walikuja. Mwalimu aliingia akitembea kwa ncha za vidole kama mtu anayeingia wodini, akavishwa koti la kijivu lililomfika juu ya magoti. Alifurahi kuonyeshwa taa, karatasi, mizani. Fundi wetu wa pete akalitoa jiwe taratibu, akanikabidhi kwenye kibano, akatuacha. Nikapiga moyo konde.

"Mwalimu," nikasema, "nina jambo la kukuambia, na unisikilize hadi mwisho. Siku ile nilisema jiwe lina joto. Hapa kwetu, joto maana yake ni kwamba si jeupe kabisa. Lina unjano. Tunasema joto ili tusiseme njano. Halikuwa neno la sifa. Ulinishukuru, nikakuacha ushukuru."

Alijitazama lile koti fupi.

"Kwa hiyo mlikuwa mnanicheka."

"Ndiyo."

"Na dada mtu?"

"Na yeye."

"Mama yangu ameshatangazia mtaa mzima," akasema polepole. Nikaona masikio yake yanabadilika rangi, na nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona mbele ya mtu mzima niliyemkosea. "Mngeniambia pale pale, mama, ningecheka na mimi. Mimi nachekwa kila siku, nafundisha watu kurudi nyuma."

"Nisamehe," nikasema. Si neno ninalolitumia sana, lilitoka likiwa na kutu.

Mdogo alikuwa ameegemea ukuta. Mwalimu akavuta pumzi. "Nionyeshe basi hilo joto. Nimelisifu mwezi mzima, nilione."

Nikalilaza jiwe kwenye mkunjo wa karatasi. Akainama, akafumba jicho moja, akafumba la pili, akasema haoni kitu. Nikachukua jiwe la mfano lililo jeupe kuliko yote, nikaliweka kando yake. Nikamwambia asitazame kati, atazame ubavuni, pale penye ncha. Alikaa pale hadi shingo ikamchoka.

"Aa," akasema. "Aa, kweli. Kama gazeti lililosahaulika dirishani. Lakini siku ya kwanza tu."

"Hapo hapo."

"Sasa liondoe lile jingine."

Nikaliondoa. Akainama tena. Akatazama, akapangusa macho, akatazama, na mara akaanza kucheka, kicheko cha kweli, cha tumboni.

"Limekwisha! Halina kitu. Jeupe pe." Akajinyoosha akanitazama kama mtu anayemweleza mwanafunzi jambo rahisi. "Sasa, mama, taabu yote hii ya nini? Tatizo ni yule mwenzake. Si muwe mnaliondoa tu?"

Nikaanza kumweleza kwamba kazi haiendi hivyo, kwamba bila jiwe la mfano jicho linazoea na kila kitu kinakuwa cheupe, kwamba ndiyo maana tunalipwa. Nilikuwa nimeshafika katikati nilipomsikia mdogo.

"Umesikia, mama? Mwondoe."

"Liondoe," nikamsahihisha, maana ndivyo nilivyo.

"Hapana," akasema. "Mwondoe."

Hakupaza sauti. Alikuwa bado ameegemea ukuta, mikono nyuma, kama alivyokuwa akisimama utotoni nilipozitandaza ripoti zao mbili za shule mezani, moja kando ya nyingine, ili tofauti ijitokeze. Nilifungua mdomo niseme sijawahi. Nikaukumbuka ule mto na wale mafundi mia. Nikakumbuka kwamba hata jina lake la nyumbani, tangu anatambaa, lilikuwa "mdogo", na mtu hawi mdogo bila mwenzake kando. Niliumia. Niliumia kiasi kwamba nilitafuta kiti, na Mwalimu, ambaye hakuelewa chochote, ndiye aliyenisogezea.

"Dada hana kosa," binti yangu akasema. "Nampenda. Lakini sijawahi kutazamwa bila yeye."

"Nitajaribu," nikasema.

"Haya."

Fundi akalirudisha jiwe kwenye pete. Mwalimu akaichukua, akamtazama mwenye kidole kwanza, kwa kuuliza, na binti yangu akautoa mkono wake nyuma akampa. Walipokuwa wanatoka nilimsikia Mwalimu akinong'ona: "Nani aondolewe?" Naye akamwambia atamweleza njiani.

Nikidai kwamba nimepona nitakuwa nakudanganya. Jicho langu limefundishwa kutafuta tofauti, na jioni halivuliwi likatundikwa pamoja na koti. Ujoto wa lile jiwe nauona kila anaponipokea mlangoni, na sasa nauacha ulivyo. Huo ndio rahisi. Mgumu ni ulimi.

Juzi alinipigia kuniambia wamepata nyumba ya kupanga, vyumba viwili, ghorofa ya tatu. Ulimi ulikuwa umeshafika kwa dada yake na nyumba yake yenye bustani, umeshalishika jina. Nikanyamaza. Upande wa pili wa simu na yeye akanyamaza. Alikuwa anangoja, amezoea.

"Madirisha yake yanatazama wapi?" nikamuuliza.

Kisha akaanza kunieleza, dirisha moja baada ya jingine, na alipofika la jikoni alikuwa anaongea haraka haraka kama mtoto, na mimi nimekaa kitandani na simu sikioni, sitaki amalize.