Taa ya Mia Mbili

Devendra alipomwona Candida anavuka mtaa na kuli nyuma yake kabeba kompyuta, aliinuka kitini. Mashine hairudi dukani kwa heri. Na Candida, ambaye Devendra alizoea kumwita Mama Nice, hakuwa mteja wa hivi hivi. Tangu biashara ifunguliwe, wenye maduka wengi wa Kariakoo walionunua kompyuta kwa Devendra waliletwa na mdomo wa mama huyu. Akimkasirikia yeye, duka limekwisha.

"We Devendra! Mimi ndio wa kunifanyia hivi?" Hata salamu hakuna. "Taa ya usoni inawaka kasi mia mbili, nikiiwasha kioo kinasema mia na hamsini. Hamsini yangu umekula wewe?"

Wateja wakageuka. Mmoja akaguna, "Wahindi bwana," na hilo lilimuuma kweli, maana hakuwa amemwibia.

"Tulia, Mama Nice. Chipu, yaani ubongo wa mashine, inaitwa mia mbili kwa sababu kazi yake ni sawa na ya ile chipu nyingine inayokimbia mia mbili. Hii inakimbia mia na hamsini, ila hatua zake ndefu."

Akaweka kando yake mashine yenye ile chipu nyingine, akazipa hesabu moja ndefu. Zikamaliza sawia. Candida akacheka mpaka akashika kiuno.

"Haya, nimekuonea baba. Ningejua nisingepayuka."

Jamani, laiti yangeishia hapo! Nassibu, fundi redio wa jirani aliyekuja kushangaa ugomvi, akauliza, "Sasa kama inakimbia mia na hamsini, hii taa ya usoni imepima nini ikapata mia mbili?"

Haikupima kitu. Nyuma ya taa zile kuna vijiplastiki, ukivihamisha inawaka namba uitakayo. Wauza kompyuta mtaa mzima walifanya hivyo, maana mteja hununua kwa macho, na Devendra hakuwahi kuona ubaya wake.

"Nani kaiandika hiyo mia mbili?" Candida aliuliza, sasa kwa sauti ya chini.

"Mimi."

"Na za wale niliokuletea?"

Devendra aliinamisha macho. Angeweza kudanganya, lakini kwa mama huyu ulimi ulimkatalia.

"Zote mimi."

Candida akamwashiria kuli abebe mashine. Hakufoka tena, na Devendra alitamani afoke.

"Mashine nzuri, naichukua," alisema. "Lakini wale watu, Devendra, ni mimi niliyewaambia waangalie taa kabla ya kulipa."