Zamu ya Meno

Apollinaire alikuwa na miaka arobaini na saba, mke mmoja, watoto watano, mjukuu mmoja, na meno ya mbele yaliyokaa kama watu waliogombana: hili limegeuka huku, lile limempa mwenzake mgongo. Miaka ishirini na tisa alikuwa juu ya nyumba za Bukavu akipigilia mabati, na kama mafundi wote wa mabati, misumari aliiweka mdomoni, sita kwa mara moja, akiibana kwa meno na kuichomoa mmoja mmoja. Kule juu mikono miwili haitoshi. Mmoja una nyundo, mwingine umeshika bati, basi kinywa ndicho mfuko. Anayeona hiyo ni ushamba apande yeye.

Mwaka huu meno mawili ya chini yakaanza kucheza. Akawa anatafuna upande mmoja, kichwa kimeinama, na akicheka anaziba mdomo kwa kiganja. Anne-Marie, mkewe, akachoka kumwangalia. Siku moja alimshika mkono akamfikisha Nguba, kwa daktari wa meno.

Dokta Chadia alikuwa mwanamke mfupi mwenye kitambaa kichwani. Alizaliwa Uvira katika ukoo wa wafanyabiashara, na alizungumza kama mtu aliyekulia nyuma ya meza ya duka.

"Papa, hii meno inasukumana," alisema. "Tukiweka waya, mwaka moja na nusu itasimama ku mustari. Tukiacha, mwaka haitaisha, hizi mbili zitaanguka, na zenye ziko pembeni zitafuata."

"Na mutu mwenye mujukuu atavaa ile kitu ya batoto ya shule?"

"Meno haijue uko na miaka ngapi."

"Bei?"

"Dola mia ine siku ya kuweka. Kisha dola makumi tatu kila mwezi, ukikuja nikaze."

Apollinaire alikuna shingo. Yeye kazi yake hulipwa kwa bati: unahesabu mabati, unataja bei. Akajinyoosha kitini.

"Maman docteur, tusikilizane. Mimi pia niko fundi. Meno yenye imepinda niko nayo sita. Piga waya ku ile sita tu. Zingine ziko sawa, nisizilipie bure."

Dokta hakucheka, lakini ilimbidi atazame dirishani kidogo. "Papa, ile yenye iko sawa njo itavuta ile yenye imepinda. Bati unapigilia ku nini? Ku hewa?"

"Ku mbao."

"Basi. Hizo njo mbao. Na usianze kunipunguzia, baba yangu aliuza vitenge miaka makumi tatu, hii maneno nilinyonya nayo."

Walipotoka, Anne-Marie alicheka mpaka akashika ukuta. Apollinaire naye alitaka kucheka, ila mkono ulikuwa umeshafika mdomoni.

Dola mia nne zilikuwa mahali pamoja tu, kwenye likelemba. Mafundi kumi wa mabati walikutana kila mwisho wa mwezi huko Kadutu, katika uwanja wa Christophe, rais wao. Kila mmoja alitoa dola arobaini, na mmoja alizibeba zote. Mwezi huu zamu ilikuwa ya Apollinaire. Lakini likelemba yao ilikuwa na sheria: anayepokea lazima ataje kwanza kitu atakachonunua, na baada ya wiki mbili wenzake wote wanakuja kukiona kwa macho na kukigusa kwa mkono, naye anawapa kasiksi, pombe ya ndizi. Sheria hiyo iliwekwa kwa ajili ya Steve, aliyewahi kupokea zamu yake Ijumaa, na Jumatatu hata viatu hakuwa navyo. Kitu kikikataliwa, zamu inakwenda kwa anayefuata, na mwenye kukataliwa anangoja mkiani, miezi kumi. Meno ya Apollinaire hayakuwa na miezi kumi.

"Nitasema nanunua mabati," alimwambia mkewe njiani. "Nitaazima makumi mbili, niyapange mbele ya nyumba, ku lupango, bayaone, kisha nayarudisha."

Anne-Marie alisimama. "Bafundi kumi ya mabati, unabadanganya na mabati?"

Apollinaire akapiga teke kijiwe.

"Sema kweli, papa. Mwaka huu yote niko nakula na mutu anatafuna sawa mbuzi mwenye kuwaza. Mimi pia nimechoka."

Siku ilipofika, walikaa kwenye viti vya plastiki, na Anne-Marie alikwenda jikoni kumsaidia mke wa Christophe kukaanga sambaza, samaki wadogo wa ziwani. Christophe, mzee wa miaka sitini na moja asiyependa maneno mengi, alifungua daftari.

"Apollinaire. Kitu gani?"

"Meno."

"Meno ya nini?"

"Yangu. Nataka kuyanyoosha."

Walicheka mpaka kuku wakahama. Aliyecheka sana kupita wote alikuwa Steve, na huyo ndiye aliyefuata kwa zamu.

"Prezida, soma sheria," Steve alisema, akifuta machozi. "Kitu inabakia ku nyumba. Mutu akikufa, frigo inabakia na mujane. Huyu meno yake ataenda nayo ku kaburi."

"Mwaka jana tulikuja kuona televizio yako," Apollinaire alimjibu. "Iko wapi?"

"Iliungua."

"Basi nani alikufa mbele, wewe ao televizio?"

Safari hii walimcheka Steve. Christophe aliuliza kama waya unaonekana. Unaonekana, Apollinaire alisema, nitafungua kinywa. Unagusika? Mwenye kunawa mikono atagusa. Na misumari ataiweka wapi akiwa kazini?

"Ku mufuko wa tablier, ile aproni ya kazi, sawa muzungu."

Ikaelekea kupita. Ndipo Steve akainua kidole, na sasa hakuwa akicheka. "Nasikia kila mwezi iko dola makumi tatu. Akikosa, dokta atatoa waya, na mia ine yetu imekufa. Apollinaire, zile makumi tatu zitatoka wapi?"

Apollinaire alitazama viatu vyake. Alikuwa amelala na swali hilo siku kumi na nne, na kila asubuhi aliamka nalo. Mvua ikinyesha mwezi mzima, fundi wa mabati hana kazi, na wote pale walilijua hilo.

"Mutanisamehe," ilisema sauti mlangoni. Anne-Marie alitoka jikoni, mikono ina mafuta, akishika kwa ncha za vidole karatasi aliyopewa na dokta. "Mutu wa waya hapaswe kukula mifupa. Mahindi ya kuchoma, hapana. Muwa, hapana. Kufungua chupa na meno, hapana. Nyama ya mbuzi ya kuchoma, hapana kabisa." Akainua macho. "Steve, kila siku ya yenga, Jumapili, mukitoka misa, unaendaka kukula mbuzi na nani?"

Steve alikohoa. "Na yeye."

"Anatoaka ngapi?"

"Inategemea."

"Inategemea nini? Sema mbele ya batu."

"Dola munane."

"Mara ine?"

Mafundi ni watu wa hesabu. Ilianza na mmoja kupiga paja, kisha wote. Thelathini na mbili, na mbili zinabaki za uji. Apollinaire alimtazama mkewe kama mtu aliyeonyeshwa mlango mwingine katika nyumba yake mwenyewe.

"Sasa mwaka moja na nusu mimi nitakula mbuzi na nani?" Steve aliuliza, na uso wake ulikuwa wa huzuni ya kweli.

"Kumbe njo shida yako," Christophe alisema. "Mikono juu."

Mikono minane ilipanda. Wa Steve ulipanda mwisho, polepole, kama bendera yenye kamba mbovu. Christophe alihesabu noti mara mbili na kumkabidhi Apollinaire.

Wiki mbili baadaye, Jumapili, walikuja kwa Apollinaire kuona kitu. Walinawa mikono kwenye beseni, wakapanga mstari, na Apollinaire akakaa kwenye kiti katikati ya uwanja, uso juani, kinywa wazi. Walitazama kama wanavyotazama kazi ya fundi mgeni, kwa kununa kwanza. Kisha mmoja akasema, "Huyu dokta mwanamuke anajua kupiga mustari." Steve aligusa kwa kidole kimoja na kuuliza kama inauma.

"Inauma sana," Apollinaire alisema, akacheka, mikono yake yote miwili magotini. Jua liliwaka juu ya waya, na watoto wa jirani wakaja kuchungulia. Anne-Marie, aliyekuwa akimimina kasiksi, alimwaga kidogo chini kwa sababu macho hayakuwa kwenye kikombe.

Wengine walipokuwa wakinywa, Christophe alivuta kiti chake karibu. Alitazama kushoto, akatazama kulia, kisha akafungua kinywa chake mwenyewe.

"Angalia hii jino ya huku," alinong'ona. "Unawaza dokta ataweza?"

Apollinaire alitoa simu mfukoni, akawasha taa yake, akamshika mzee kidevu.

"Fungua muzuri, Prezida."