Inchi za Gareth Pilling

Jumatatu moja ya Agosti, saa mbili asubuhi, Maureen Tattersall alimwaga jezi za Jumamosi sakafuni, katika chumba cha kufulia kilicho chini ya jukwaa kuu la Marlby Rovers, akaanza kuzichambua kama alivyozichambua kwa miaka thelathini na moja. Jezi za viungo na washambuliaji huku, za mabeki kule, soksi kwenye beseni. Redio ilikuwa inatangaza mvua. Marlby walikuwa wamefungua msimu nyumbani kwao kwa kuchapwa tano bila, na mji mzima ulikuwa unaongea kwa sauti ya chini, kama nyumba yenye mgonjwa.

Akaingia kipa, Gareth Pilling, mkoba wa barua begani. Siku za kazi Gareth alikuwa tarishi. Katika ligi ile hakuna kipa anayeishi kwa kudaka mipira tu.

"Bi Maureen, umeichemsha bukta yangu?"

"Mimi? Sijachemsha bukta ya mtu tangu nianze kazi hapa."

"Basi mbona imepanda hivi? Na suruali ya kazini imepanda. Viatu navyo vinanibana."

Maureen alimsimamisha kwenye fremu ya mlango, akapanda kiti, akampima kwa tepu yake. Wiki mbili nyuma, alipomkatia jezi mpya, Gareth alikuwa futi sita kamili. Sasa alikuwa futi sita na inchi tano.

"Mlifungwa ngapi vile?"

"Tano."

"Ndiyo hizo hizo," akasema Maureen. Akafumua upindo wa bukta, akaushusha, akamrudishia. Gareth akashukuru, akaenda kugawa barua.

Ikawa hivyo. Kila bao lililoingia, Gareth aliongezeka inchi moja, na kwa kuwa Marlby walikuwa wakifungwa matatu au manne kila wiki, Maureen alizoea kuanza Jumatatu yake kwa cherehani kabla ya sabuni. Kocha Barry Stott alipoambiwa alisema kipa mrefu ni faida. Mashabiki walikubaliana naye. Mzee mmoja wa jukwaa la mashariki alikumbusha kwamba miaka ya nyuma timu iliwahi kuwa na winga aliyenenepa, na hakuna aliyelalamika.

Tatizo la Marlby halikuwa kipa. Tatizo lilikuwa ukuta wa mbele yake, na fundi wa ukuta huo alikuwa nahodha, Craig Hesketh, beki wa kati mwenye kifua kipana na nywele zilizolazwa kwa mafuta. Craig alikuwa na kipaji kimoja kikubwa. Mshambuliaji akimtoka, akampiga tobo, akaenda kufunga peke yake kama mtu anayeingia sebuleni kwake, Craig aligeuka, akatandaza mikono, akamtazama Gareth jinsi mteja anavyomtazama mhudumu aliyemletea chakula cha mtu mwingine.

"Kipa! Amka, bwana! Hapa si kitandani!"

Mabeki wengine watatu nao waligeuka, wakatandaza mikono. Kisha jukwaa zima likageuka. Na Gareth, ambaye mara nyingi alikuwa amebaki peke yake na washambuliaji wanne, aliinua glovu yake juu.

"Langu hilo!"

Hapo ndipo watu walipotulia, na refa akapuliza filimbi mpira uanze tena.

Maureen hakuwa anajua sana mpira, ila alijua uchafu. Jezi za viungo zilimjia na tope mpaka kwenye kola. Jezi ya Gareth ilikuja na tope, majani na damu kidogo. Jezi za mabeki zilikuja kama zilivyoondoka. Ile ya Craig ilikuwa inanukia marashi, na mikunjo ya pasi aliyoipiga Maureen Ijumaa ilikuwa bado inaonekana mikononi.

Kufika Oktoba, Gareth alikuwa amepita mtambaa wa panya. Kona zikipigwa ilibidi ainame. Timu pinzani ziliandika malalamiko, na ligi ikamtuma mtu mwenye kofia na faili. Yule bwana alipekua kitabu cha sheria mwanzo hadi mwisho, akakuta kinataja glovu, kinataja rangi ya jezi, hakitaji urefu wa mtu. Akaandika kwamba kila kitu kiko sawa, ila jezi ya kipa ishonwe kwa kitambaa cha rangi moja, si viraka.

Maureen akaenda klabu ya wafanyakazi, akaomba kitambaa cha kijani cha meza kubwa ya biliadi. Wakampa. Tangu siku hiyo wanachama walicheza biliadi kwenye jiwe tupu, mipira ikilia kama sahani zinazooshwa, na hakuna aliyenung'unika, maana ilikuwa kwa ajili ya timu.

Kazi ya barua nayo ilibadilika kidogo. Gareth alikuwa anaona taabu kuinama kwenye matundu ya milangoni, basi akawa anapitisha barua kwenye madirisha ya juu. Watu wa Marlby walianza kupokea bili zao kitandani. Nyumba aliyopanga ilipomshinda, alihamia kwenye jumba la zamani la kusokotea kamba, ambalo lina upana wa hatua nne na urefu wa mtaa mzima, na lilikuwa tupu tangu kiwanda kifungwe. Humo alijinyoosha bila kumsumbua mtu. Kwa mechi za ugenini, basi la timu halikumfaa tena. Akawa anasafiri kwenye lori la kondoo la mkulima mmoja, na mkulima akiwa na mzigo alisafiri na kondoo wenyewe. Gareth alisema wana joto zuri.

Mwezi wa Novemba timu ilikwenda Frodley, ikafungwa manne. Jumatatu Maureen akapanda ngazi, akapima. Akashuka, akapanda tena, akapima mara ya pili.

"Hujaongezeka hata nywele."

Gareth akatoa ulimi. Ulikuwa mwekundu, umevimba. Kabla ya mechi aling'ata pai ya nyama iliyotoka kwenye oveni saa ileile, na mchuzi wa ndani ukamuunguza. Mechi nzima hakuweza kutamka neno.

"Kwa hiyo hukusema 'langu'?"

Gareth akatikisa kichwa.

Maureen akakaa juu ya ngazi, tepu shingoni, uso wake ukiwa sawa na wa Gareth. "Basi nisikilize, mwanangu. Si mabao yanayokukuza. Ni hilo neno. Jumamosi usiliseme."

"Nisiseme tu?"

"Usiseme. Funga mdomo kama umeungua."

Jumamosi hiyo Maureen aliacha chumba chake, akaenda kusimama nyuma ya goli, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka mingi. Dakika ya tisa Craig alikuwa anafunga kamba ya kiatu. Mshambuliaji akampita, akafunga. Craig akainuka, akageuka, akatandaza mikono. Watatu wakageuka. Jukwaa likageuka.

Gareth akafunga mdomo.

Hakuna aliyesogea. Mfungaji mwenyewe alikata shangwe katikati. Refa alishika filimbi karibu na midomo, akasubiri. Muuza pai akaacha kuuza. Ikapita dakika moja, ikapita ya pili, watu elfu moja na mia tatu wamemkodolea macho mtu mmoja, na mvua ikaanza kunyesha juu yao wote wamesimama vilevile. Maureen aliona mabega ya Gareth yakishuka, na masikio yake yakiwa mekundu kama ya mtoto aliyekamatwa akiiba sukari.

"Shikilia," akanong'ona kupitia wavu. "Shikilia hivyo hivyo."

Dakika ya nne ya kungoja, glovu ikapanda juu.

"Langu hilo."

Watu wakapumua. Filimbi ikalia. Soksi za Gareth zikaachana na bukta kwa inchi moja zaidi.

Baadaye alimfuata Maureen chumbani. Ilibidi apige magoti koridoni, kichwa tu ndicho kikaingia mlangoni.

"Usinikasirikie, Bi Maureen. Mtu mmoja lazima aseme. Bila hivyo mpira hauanzi tena."

"Na kwa nini awe wewe?"

Gareth alifikiri sana juu ya swali hilo. "Mimi ndiye ninayetazama upande ule," akasema.

Maureen hakumkasirikia yeye. Jumanne alikunja jezi nne za mabeki, akazipeleka ofisini kwa kocha Barry Stott, akazitandaza mezani juu ya ramani ya mchezo.

"Tazama hizi, Kocha."

Kocha akazitazama. Akaigeuza moja, akaipeleka kwenye mwanga wa dirisha.

"Hizi ni za lini?"

"Za Jumamosi. Wamezichezea dakika tisini kwenye mvua."

"Na bado hujazifua?"

"Bado."

Kocha akairudisha jezi mezani polepole. Maureen akaona sasa jambo limemwingia.

"Nimekuwa kwenye mpira miaka mingi, Bi Maureen," akasema kocha, na macho yake yalikuwa na machozi. "Sijawahi kuona mfuaji kama wewe. Mpaka zinatoka uwanjani safi." Akasimama, akampa mkono. Wiki iliyofuata klabu ilimpa shada la maua na picha yake ikawekwa kwenye jarida la mechi.

Mwisho wa Januari mabao yalitimia mia moja. Ukitoa yale manne ya Frodley, Gareth alikuwa futi kumi na nne. Hakuweza tena kusimama golini wala kuinama. Basi akakaa kitako kwenye mstari, kichwa kikigusa mtambaa wa panya, mguu mmoja kila upande, akatandaza mikono, na mwanga wa nyuma yake haukupenya. Timu ya kwanza kukutana naye akiwa hivyo ilipiga mashuti ishirini na sita. Mpira ulikuwa ukimgonga na kurudi, na yeye akiomba radhi.

Mabeki waliielewa hali hiyo haraka. Wiki ya kwanza waliacha kukimbia. Wiki ya tatu beki wa kulia alikuja na kiti cha kukunja. Craig alisimama pembeni mwa uwanja akiongea na mashabiki juu ya bei za magari. Marlby walikuwa mkiani kabisa, na kwa kuwa hawakufungwa tena na hawakuwa na mtu wa kufunga, walitoka sare ya bila kwa bila mara kumi na sita mfululizo, wakijivuta juu pointi mojamoja, mpaka siku ya mwisho ikabaki mechi moja nyumbani dhidi ya Ellerby United. Wakishinda wanabaki. Sare, wanashuka daraja.

Gareth alifanya alichoweza. Dakika ya thelathini aliurusha mpira kwa mkono kutoka alipoketi, ukavuka uwanja wote, ukaingia goli la Ellerby. Refa akakataa, maana bao la mkono wa kipa halihesabiwi mpaka mpira uguse mtu mwingine. Dakika ya sabini akaurusha tena, ukaingia tena, ukakataliwa tena.

Dakika ya themanini na nane Craig Hesketh alisikia njaa. Muuza pai siku hiyo alikuwa nyuma ya goli la Ellerby. Craig akakatiza uwanja kwa miguu, akanunua, akaanza kurudi taratibu akipuliza mchuzi. Gareth akarusha. Mpira ukamgonga nahodha kisogoni, ukabadili njia, ukatinga wavuni. Hakuwa ameotea, kwa sababu mabeki wawili wa Ellerby walikuwa bado kwenye foleni ileile ya pai, na sheria inawahesabu kuwa wako kwenye mstari wa goli. Craig alilala kifudifudi kama dakika tatu. Alipofumbua macho alikuwa juu ya mabega ya watu. Gazeti la mji liliandika kwa herufi kubwa: KICHWA CHA NAHODHA.

Tuzo zilitolewa Jumapili mchana katika ukumbi wa klabu ya wafanyakazi. Kulikuwa na kondoo wa kuoka kwa viazi, na kabichi nyekundu. Gareth hakuenea ukumbini. Alilala kwenye nyasi nje, na Maureen akafungua dirisha ili apate kusikia. Mchezaji Bora wa Msimu akawa Craig Hesketh. Akapanda jukwaani na bandeji yake kichwani.

"Watu wanasahau kwamba ulinzi ni kujitoa," akasema. "Mechi kumi na saba, hakuna aliyepita ukuta huu. Hakuna! Lakini tuwe wakweli, jamani. Yale mia ya mwanzo yalituumiza, na kuna mtu inabidi ajitazame."

Ukumbi mzima ukageukia dirishani.

"Ni kweli," ikasema sauti ya Gareth kutoka kwenye nyasi. "Yangu yale."

Huko mwisho wa maegesho, pipa la taka lililokuwa karibu na nyayo zake likasogea inchi moja. Watu wakapiga makofi. Gareth naye akapiga, kwa vidole viwili tu, ili vioo visivunjike. Maureen akampelekea sinia la kondoo, lile kubwa la kugawia wageni, akakaa kando yake kwenye nyasi mpaka alipomaliza. Kisha akachomoa sindano kwenye kola yake, akamwambia anyooshe mguu.

Kiangazi hicho mabeki kumi na tisa kutoka klabu mbalimbali waliandika barua kuomba kuchezea Marlby. Klabu haikuwahitaji. Craig na wenzake waliongezewa mikataba ya miaka mitatu.

Agosti, Jumatatu ya kwanza ya msimu mpya, Maureen alimwaga jezi sakafuni, akazichambua. Zile nne za mabeki alizinusa, akazikung'uta mara moja, akazitundika kwenye misumari yake zikiwa kavu. Alifanya vivyo hivyo wiki iliyofuata, na iliyofuata, na muda aliouokoa aliutumia kushona mikono ya jezi ya Gareth, iliyokuwa sasa inachukua siku nzima. Mpaka Krismasi hakuna aliyeuliza kitu, isipokuwa Craig, aliyechungulia mlangoni asubuhi moja akiwa amejifunga taulo.

"Mama, umebadilisha sabuni?" akauliza. "Endelea na hii hii. Inanukia vizuri zaidi."